Mtafsiri wa Kibanda cha Ng'ambo

Watu wa Ng'ambo wakimtaja Mtafsiri siku hizi wanamtaja kishujaa, na mimi kila nikiwasikia napandwa na hasira. Wanasema aliitoa sauti yake kwa ajili yetu. Wanasema alikataa matibabu mpaka sote tuuone mwisho wa sizoni. Hata watu ambao hawakuwahi kukanyaga kibandani wanaisimulia habari hiyo wakiwa na machozi machoni. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi, na ninachokijua mimi si hicho. Basi nieleze nilivyomjua, halafu kila mtu atachagua la kuamini.

Mimi ni mwanamke, fundi cherehani. Baraza langu la kushonea limeegemea kibanda cha video, kibanda umiza kama tunavyoviita, chumba cha mabati chenye mabenchi, televisheni moja ukutani na joto la kutosha kukaushia mihogo. Jumamosi na Jumapili mwenye kibanda alionyesha mpira. Ijumaa, watu wakishatoka msikitini na kula, ilikuwa zamu ya sizoni, picha ya mfululizo inayoonyeshwa sehemu moja kila wiki. Sizoni yenyewe ilikuwa ya anga za juu. Chombo kimeondoka duniani na watu wachache ndani yake, kinakwenda nyota hadi nyota kuangalia nani anaishi wapi, na hakijui kama kitarudi. Ilizungumzwa Kiingereza kitupu. Mtafsiri alikaa kando ya televisheni na maiki mkononi, akatugeuzia kila kitu papo hapo kwa Kiswahili, sauti zote akizitoa yeye: ya nahodha, ya mpishi, ya mtoto mchanga, hata ya injini inapokorofisha.

Mwaka wa kwanza sikuona picha hata moja. Nilisikia kupitia bati huku nikishona sare za shule, na picha nilijitengenezea mwenyewe. Nahodha wangu alikuwa mwanamke mnene, mwenye kanga mbili, anayetembea polepole. Siku niliyoingia kwa mara ya kwanza nikakuta ni mzungu mwembamba mwenye nywele fupi. Niliudhika kweli. Nilimwambia Mtafsiri kwamba televisheni imekosea, naye akanijibu bila kucheka kwamba hata yeye humwona hivyo hivyo ninavyomwona mimi.

Maneno yake hakuyatafuta kwenye kamusi. Nahodha alimwita kirangozi, kama alivyoitwa mtu aliyetangulia mbele ya misafara ya zamani iliyopita hapa kwenda Ujiji. Mabaharia wa chombo walikuwa wapagazi. Kila nyota waliyotua ilikuwa kambi. Wakidaiwa kitu ili waruhusiwe kupita, basi wametakiwa hongo, kama watemi walivyowatoza wafanyabiashara. Wageni kutoka Dar walipoingia walicheka, wakasema huyu mzee wenu anaturudisha enzi za pembe za ndovu. Yeye hakuwajali. Alisema mji huu ulijengwa na watu waliobeba mizigo kwenda wasikokujua, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuazima maneno kwingine.

Na wale viumbe wa huko, wenye vichwa vya ajabu na ngozi ya kijani, hakuwaita majini wala mazimwi. Aliwaita wenyeji. Mtu akibisha, alimuuliza ni nani aliyefika kwa mwenzake.

Usidhani alikijua Kiingereza sana. Aliwahi kuniambia kwamba maneno anayashika nusu, na nusu nyingine anaisoma usoni mwa anayesema. Vijana waliokuwa na simu kubwa waliwahi kuitazama sizoni hiyo hiyo kwenye mtandao, wakarudi wakidai kuna sehemu alizokosea kabisa, vita akavifanya msiba na msiba akaufanya harusi. Lakini Ijumaa iliyofuata walikuwa pale pale kwenye benchi la mbele. Nilipowauliza, walisema ile ya kwenye simu haina ladha.

Sehemu ikiisha hatukuondoka. Televisheni ilizimwa, mabenchi yakageuzwa yakatazamana, na hapo ndipo mahakama ilipoanza. Ndivyo tulivyoiita. Anayeshtakiwa alikuwa Kirangozi, kila wiki, kwa lolote aliloamua siku hiyo. Mshitaki wetu mkuu alikuwa mama mmoja wa Ulyankulu, mkulima, Mkatoliki mwenye rozari shingoni, aliyeleta maharage mjini kila Ijumaa na kupanga safari yake ya kurudi isimnyime sizoni. Tulimwita Mama Maharage. Wakili wa utetezi alikuwa Mzee wa Reli, mstaafu, mtu wa ugoro chini ya mdomo, ambaye kwake mkuu wa safari hakosei kwa sababu aliye kwenye usukani ndiye anayeiona njia. Wawili hao waligombana mpaka majirani wakadhani pana ndoa inavunjika.

Nakumbuka sehemu ambayo chombo kilikataa kuwachukua watu waliokimbia kambi yao iliyokuwa ikiungua. Mzee wa Reli akatetea: nafasi haipo, chakula hakitoshi. Mama Maharage akasimama. Alisema yeye amezaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, amezika wazazi Ulyankulu, na mpaka leo hupata mtu wa kumuuliza kwao Burundi atarudi lini. Akasema Kirangozi alipaswa kuwapa hata mahali pa kusimama. Siku ile mahakama ilivunjika bila hukumu. Mtafsiri alimsindikiza mpaka kwenye gari la Ulyankulu, akambebea magunia yake matupu.

Jambo moja hakuliweza kabisa: kutudanganya kuhusu picha. Kila mwenye akili kibandani anajua kwamba steringi, shujaa wa picha, hafi. Anaweza kupigwa, kuzama, kuchomwa moto, lakini sehemu ya mwisho atakuwepo. Sasa sisi tulikuwa tumeshaamua kwamba steringi wa sizoni ile ni mpishi wa chombo, mtu mcheshi aliyependa kula kuliko kupika. Kumbe wenye sizoni hawakuwa na habari. Mpishi akafa katikati, akiziba tundu kwa mwili wake. Kibanda kikalipuka. Watu walimwomba Mtafsiri aseme amezimia, wengine wakamwomba kwa jina la Mungu. Akasimamisha picha, akasubiri watulie.

"Amekufa," akasema. "Mimi sikumuua, na siwezi kumfufua kwa maiki."

Wapo walionuna wasirudi mwezi mzima. Mimi nilimheshimu zaidi tangu siku ile, na kwa sababu hiyo hiyo yaliyofuata yaliniuma zaidi.

Maana nje ya kibanda alikuwa mtu mwingine. Wiki nzima hakuzungumza. Sauti yake aliitunza kama watu wanavyotunza viatu vya Idi. Sokoni alinunua kwa vidole, akipinga bei kwa kutikisa kichwa. Salamu aliipokea kwa mkono kifuani. Alizunguka na chupa ya tangawizi na asali, na skafu shingoni hata Oktoba jua likiwa juu ya utosi. Mke wake aliondoka akisema amechoka kuishi na mume anayeongea Ijumaa tu, na tena anaongea na watu wengine. Mtafsiri hakumfuata. Alikaa barazani kwangu jioni ile, akakunja vitambaa vyangu vyote bila kuombwa, akaenda zake.

Na yeye aliyetupeleka nyota zote hizo hakupenda safari. Dar hakuwahi kufika. Treni ya Mwanza alishawahi kuipanda, akashuka kabla haijaondoka, akarudi nyumbani na mkoba wake akisema amekumbuka jambo. Tulimtania sana. Alikubali utani wote isipokuwa huo. Huo aliugeuzia mgongo.

Halafu sauti ikaanza kukwaruza. Ilikuwa msimu wa malori ya tumbaku, naye akasema ni vumbi la tumbaku. Malori yakaisha, akasema ni mafua. Sauti ya mtoto mchanga ikamshinda kwanza, kisha ya Kirangozi. Nilimsikia kupitia bati kabla mtu mwingine hajagundua, kwa sababu mimi nilimjua kwa masikio. Nilimwambia aende hospitali ya Kitete. Alinijibu ataenda. Niliendelea kumwambia mpaka akaanza kupita njia ya nyuma asinione.

Alipokwenda hatimaye, alirudi moja kwa moja barazani. Nilikuwa napima kanzu ya mteja. Nikamwomba mteja aje kesho. Mtafsiri akaniambia kwamba kuna uvimbe kooni, na aina yake si nzuri. Daktari amemweleza vizuri, tena mara mbili: aende hospitali kubwa ya Mwanza, apasuliwe mapema, atapona. Lakini kisanduku cha sauti kitatoka pamoja na uvimbe. Hataongea tena.

Nilimwambia aende kesho yake. Sikuwa na lingine la kusema, na sijui kama lipo. Nilimwambia nitamsindikiza kwenye treni, ikibidi nitamfunga kamba kitini. Akatabasamu. Akasema zimebaki sehemu chache tu sizoni iishe.

Siri haikai Ng'ambo. Ijumaa iliyofuata kila aliyeingia kibandani alijua, na hakuna aliyesema. Ikatokea kwamba sehemu ya siku hiyo ilihusu chombo kupata ufa upande wa chumba cha mawasiliano. Fundi wa chombo anamwambia Kirangozi wakikate chumba hicho, kiachwe kielee, watu wapone. Kirangozi anataka kusubiri, kwa sababu bado anapokea ujumbe kutoka nyumbani. Mtafsiri aliitafsiri yote bila kutazama upande wetu, sauti ikikatika.

Mahakama ikakaa. Kila mtu alisema kuhusu ufa. Mama Maharage akasema kikatwe, leo hii, ujumbe gani unaozidi roho za watu. Mzee wa Reli akasema Kirangozi ana haki ya kusubiri, kwamba safari isiyo na mwisho ni mateso kwa waliopanda, na kwamba wapagazi wamemfuata mbali mno, hawezi kuwaacha njiani. Wakapiga makofi. Wengine wakaongeza kwamba ufa wenyewe ni mdogo. Nikaona wanazunguka, wanaogopa kumtazama mtu aliyekaa mbele yao na skafu yake, wamejificha ndani ya chombo cha mabati kilichoko kwenye televisheni. Nikashindwa kuvumilia.

"Hatuongelei chombo hapa," nikasema. "Tunamwongelea huyu. Ana uvimbe kooni na mnamwambia asubiri ili muone picha."

Mzee wa Reli akatazama chini. Mama Maharage akaanza kulia waziwazi, akamwambia, kaka, nenda, sisi tutatazama hata bila sauti. Mtafsiri akaichukua maiki, ingawa hakukuwa na haja ya maiki.

"Nikimaliza naenda," akasema. "Nimewatoa mbali, siwezi kuwaacha hapa."

Wakashangilia. Wakamshika mikono. Wengine walilia kwa furaha, wakaniuliza kama nimeona, kwamba moyo wa mtu huyo si wa kawaida. Mimi nilirudi kwenye cherehani yangu nikashona mfuko wa suruali upande usio wake.

Sehemu zilizobaki nilizisikia zote. Sitaki kuzieleza sana. Spika ya televisheni ilipunguzwa ili asikike, kisha ikazimwa. Watu waliinama mbele kwenye mabenchi. Kuna mahali palipokuwa na maneno mengi naye akasema neno moja, na kibanda kizima kikaelewa, au kikajifanya kimeelewa. Mama Maharage aliacha kuja. Alituma salamu kwamba hawezi kukaa kutazama mtu akijimaliza. Sizoni ikaisha: chombo kikatua kambi ya mwisho, ambayo si nyumbani, wapagazi wakatua mizigo. Walimbeba Mtafsiri mabegani mpaka barabarani. Kwenda Mwanza alikwenda, lakini muda ulikuwa umeshapita, na huko walimweleza kwamba hakuna tena cha kukata. Walimtoboa tundu shingoni, wakaweka mrija ili apumue, wakamrudisha kwetu.

Na hapo ndipo habari ya ushujaa ilipopata miguu. Ilisimuliwa vinyozini, ikasimuliwa kwenye kahawa, mpaka watu wa Usinge wakaja kuuliza ni kibanda gani. Msimuliaji mkuu alikuwa Mzee wa Reli. Naye, wakati akisimulia, alikuwa na kidonda chini ya ulimi, upande anaouwekea ugoro, kidonda kisichopona. Sote tulikiona alipocheka. Nilimwambia naye aende Kitete. Akaniambia sizoni mpya inakuja, kwamba Mtafsiri hakukimbia, na yeye hatakimbia. Alisema hivyo kwa majivuno, na wenzake wakatikisa vichwa kukubali.

Mara ya mwisho kumwona Mtafsiri ilikuwa Kitete, saa ya kutazama wagonjwa, alasiri. Mashabiki walikuwa wengi nje, wamekaa ukingoni mwa bustani, kwa sababu wodini waliingia wachache kwa zamu. Niliingia peke yangu. Alikuwa amepungua sana, kanzu niliyomshonea ingemtosha mara mbili. Nikamsalimia, nikampa habari za mtaa. Nikamwambia wako nje wote, wanamsifu, kwamba mji mzima unajua alichokifanya. Nilidhani ndilo analotaka kusikia.

Akafunga macho. Kisha akainua mkono, akaziba mrija kwa kidole, kwa sababu akiuziba aliweza kutoa pumzi yenye maneno kidogo. Nikasogeza sikio langu mpaka mdomoni mwake.

"Niliogopa kisu, Fundi," akasema. "Sizoni ningeiacha siku yoyote."

Akaachia kidole avute hewa. Kifua chake kilipanda na kushuka. Nilitaka kumwambia apumzike, inatosha, nimeelewa. Akaziba tena.

"Waambie. Yule mzee kwanza."

Sikujua uso wangu niuweke wapi. Nilimshika mkono nikalia, na wala sikuona haya. Nililia kwa sababu mtu yule, ambaye hakukubali kutudanganya kuhusu mpishi wa kwenye picha, alijidanganya mwenyewe na kutudanganya sisi, kwa kitu ambacho yeyote kati yetu angekielewa. Nani asiyeogopa kisu? Angesema hivyo siku ile mahakamani, tungemsindikiza kibanda kizima, tungekaa naye kwenye behewa mpaka Mwanza tukibishana njia nzima. Hakuwahi kutupa nafasi ya kumsaidia kuogopa. Nilikaa mpaka nesi akaja kutuambia muda umekwisha.

Nilipotoka wakanizunguka. Wakauliza amesema nini. Nikawaambia alichosema, kama alivyokisema, bila kuongeza na bila kupunguza. Kisha mmoja akasema mgonjwa wa namna hiyo hana sauti, nimesikia vibaya. Mwingine akasema dawa zinamchanganya. Wa tatu, niliyemshonea nguo tangu yuko shule, akaniambia kwamba mimi tangu mwanzo sikutaka amalize, na sasa namvunjia heshima angali hai. Mzee wa Reli aliokota kofia yake, akaondoka kwa miguu kuelekea Ng'ambo, na wenzake wakamfuata wakinitazama kwa jicho baya.

Mtafsiri alifariki siku chache baadaye. Mazishini walimsifu kwa maneno yale yale, na mimi nilikaa upande wa wanawake nikiwa nimeuma meno. Mama Maharage alikuwa pembeni yangu na rozari yake mkononi. Nilipomnong'oneza alichosema Mtafsiri, akatikisa kichwa polepole, akaniambia alijua, kwamba uso wa mtu anayeogopa yeye ameuona tangu utotoni. Tulikaa pamoja mpaka watu wakatawanyika.

Siku ya pili baada ya mazishi, asubuhi, nilikuwa ndiyo kwanza natoa cherehani barazani. Nikamwona Mzee wa Reli amesimama kwenye kona ya kibanda, amevaa shati lake la safari, lililopigwa pasi. Nikampa shikamoo. Akaniitikia marahaba kwa shida, akiushikilia upande mmoja wa taya. Alitazama huku na huku kuhakikisha hakuna anayetusikia.

"Fundi," akasema, "huko Kitete mtu anaanzia dirisha gani?"

Nikairudisha cherehani ndani, nikafunga mlango, tukaenda.